Saraka, Kibao na Daftari: Historia ya Tangazo la Kuchapishwa katika Kliniki Ndogo za Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanachunguza iwapo tangazo la kulipia katika saraka iliyochapishwa liliwahi kuwa na faida kwa kliniki ndogo za binafsi za Arua na Koboko, katika eneo la West Nile, Uganda. Hoja yetu ni kwamba saraka hutegemea mambo manne kwa wakati mmoja: simu, anwani isiyohama, msomaji wa Kiingereza, na ruhusa ya mtaalamu kujitangaza. Katika West Nile mambo hayo hayakuwahi kukutana. Karatasi iliyowaleta wagonjwa ilikuwa ya aina nyingine, na kuielewa kunawahusu wanaopanga leo namna ya kuwajulisha wananchi ni nani aliyesajiliwa kutibu.

1. Swali na eneo

Mwaka 1912 gazeti la East African Standard la Nairobi lilitoa kitabu kilichoitwa Red Book, mwongozo na saraka ya Afrika Mashariki, Uganda na Zanzibar. Arua haimo, wala haikuweza kuwamo. Eneo la Lado lilikuwa limeondoka mikononi mwa Wabelgiji baada ya kifo cha Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1909 na kuingia chini ya Sudan. Sehemu yake ya kusini ilihamishiwa Uganda mwaka 1914, na ndipo Arua ikaanzishwa kuwa makao ya wilaya. Ni jambo dogo, lakini linatupa mwelekeo. Saraka za Afrika Mashariki zilizaliwa kando ya reli na bandari, kwa ajili ya wafanyabiashara na walowezi waliotafutana kwa majina. West Nile iliingia katika vitabu hivyo kwa kuchelewa, nayo ikabaki pembezoni.

Swali la faida ya tangazo la saraka kwa daktari lina asili yake kwingine. Orodha ya kwanza ya wenye simu ilichapishwa New Haven, Marekani, mnamo Februari 1878: karatasi moja yenye wateja 50, na humo madaktari na madaktari wa meno walitengewa sehemu yao. Baadaye zikaja kurasa za njano, na kwa takriban karne moja daktari wa meno wa mji mdogo wa Marekani aliweza kujiuliza kwa haki kama robo ukurasa ingemrudishia fedha yake. Washauri wa biashara walilichukua swali hilo na kulipeleka kila mahali kana kwamba masharti yake husafiri pamoja nalo. Hayasafiri. Ndiyo maana tunalichunguza hapa kama swali la historia, si la uhasibu peke yake.

2. Misheni, duka na orodha ya bwana Burkitt

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, tiba ya kisasa katika West Nile ilitolewa na serikali na misheni. Africa Inland Mission ilifika Arua mwaka 1918, na baadaye ikajenga hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji. Wakomboni nao walikuwa na vituo vyao. Daktari wa kujitegemea mwenye haja ya kutafuta wateja hakuwapo kwa maana iliyo wazi. Dawa za kuuzwa zilipatikana katika maduka ya Wahindi, na mwenye duka hakuhitaji kuchapisha jina lake kitabuni. Barua zake ziliandikwa kwa sanduku la posta, na kila mtu mjini alijua mlango wake.

Hata hivyo, ipo habari moja ya baadaye kidogo inayoonyesha kwamba kuwamo katika orodha kuliweza kukipatia kituo cha pembezoni manufaa makubwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alipokuwa akifuatilia uvimbe wa taya uliowapata watoto, alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa na kuvituma kwa posta kwa hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza kama ugonjwa huo umeonekana huko. Gharama yake ilikuwa ruzuku ndogo ya uchapaji na stempu. Mwaka 1961 alifunga safari ya wiki 10 na maili zipatazo 10,000 pamoja na madaktari wawili wamisionari, na mmoja wao alikuwa Ted Williams wa Kuluva. Kazi hiyo ilitoa ramani ya saratani inayoitwa leo kwa jina la Burkitt.

Bila orodha ya anwani, vipeperushi vile visingekuwa na pa kwenda. Lakini tazama aliyekuwa akisoma: ni daktari akiwatafuta madaktari, kwa Kiingereza, kupitia posta. Mgonjwa hakuwamo katika mazungumzo hayo. Tutakutana tena na hali hiyo baadaye, maana ndiyo mazingira pekee ambamo orodha iliyochapishwa imeendelea kuwa na thamani kwa kliniki za Arua.

3. Kitabu cha simu na watu waliohama

Saraka ya simu ilifika ikiwa mali ya taasisi kubwa: kwanza mamlaka ya posta na simu ya Afrika Mashariki, kisha, baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, shirika la Uganda lenyewe, na hatimaye Uganda Telecom baada ya sheria ya mawasiliano ya 1997. Katika muda wote huo simu ya waya ilibaki kuwa kitu cha ofisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Uganda ilikuwa na takribani laini 3 kwa kila watu 1,000, na nyingi kati ya hizo zilikuwa Kampala, kiasi cha kilomita 500 kutoka Arua. Mwenye kliniki ya vyumba viwili Koboko aliyelipia tangazo humo alikuwa akiwaambia watu wa Kampala kwamba yupo Koboko.

Upungufu wa simu hautoshi kueleza kila kitu. Saraka ni ahadi ya mwaka mzima: inasema kwamba mtu huyu atakutwa mahali hapa mpaka toleo lijalo. Ahadi hiyo ilivunjwa katika West Nile kwa namna ambayo hakuna mchapishaji angeweza kuirekebisha. Amri ya Agosti 1972 iliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na kwa miezi michache majina ya wenye maduka, yakiwamo ya dawa, yakawa majina ya watu waliokwisha kuondoka. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, sehemu kubwa ya wakazi wa West Nile ilikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa na wanajeshi wa serikali. Mji wenyewe ulikuwa umebomolewa na kuporwa. Watu walirejea kidogo kidogo katika miaka iliyofuata, wengine wakiwa wamejifunza uuguzi na ukunga kambini.

Mtu aliyerejea akafungua chumba cha tiba hakuwa na sababu ya kuiamini anwani. Wagonjwa wake walimjua kwa ukoo wake, kwa kambi aliyotoka, kwa mti au kanisa lililo karibu. Hadi leo maelekezo katika miji hii hutolewa kwa alama za aina hiyo, na saraka iliyopangwa kwa namba za viwanja na masanduku ya posta haina safu ya kuandika mwembe.

4. Mtaalamu aliyezuiwa kusema

Upande wa sheria mara nyingi husahaulika na wanaotoa ushauri wa biashara. Uganda ilirithi kutoka Uingereza desturi ya kumkataza daktari kujitangaza. Baraza la Tiba la Uingereza lilishikilia katazo hilo kwa miongo mingi, likamruhusu daktari kuorodheshwa kama watu wengine bila kujikweza, na kulegeza msimamo kulikuja mwaka 1990, baada ya tume ya ushindani wa biashara kulihoji. Marekani ilitangulia kidogo: shauri dhidi ya chama cha madaktari lililofunguliwa mwaka 1975 lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1982, na katazo likaanguka.

Nchini Uganda kanuni za maadili zilizo chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno bado zinamzuia daktari kujinadi. Sheria za 1996 ziliwapa mabaraza yao madaktari, wauguzi na wakunga, na wataalamu wa afya shirikishi, ambao miongoni mwao ni matabibu. Mamlaka ya Taifa ya Dawa ilikuwa imeundwa kwa sheria ya 1993. Mfumo huo ndio uliofungua njia kwa kliniki ndogo nyingi, kwa kuwa muuguzi, mkunga au tabibu mwenye uzoefu angeweza kupata leseni ya kujitegemea.

Matokeo yake ni ya kejeli. Mwenye sifa kubwa ndiye aliyetakiwa kunyamaza zaidi. Mganga anayedai kuponya kila kitu kuanzia kifafa hadi mapenzi yaliyopoa alibandika karatasi zake kwenye nguzo za umeme bila kuogopa baraza lolote. Sheria ya tiba asilia ilipatikana mwaka 2019. Basi hata kama saraka ingewafikia wagonjwa, nafasi ambayo daktari angeweza kuinunua bila kuhatarisha leseni yake ilikuwa mstari mmoja wa herufi za kawaida. Mstari wa namna hiyo ni taarifa, na kuuita tangazo ni kuupa sifa usiyo nayo.

5. Lugha ya orodha

Kwa mtafiti wa lugha, hapa ndipo penye uzito. Saraka hupanga ulimwengu kwa makundi, na makundi ya saraka za Uganda yalikuwa ya Kiingereza: madaktari wa jumla, wa upasuaji, wa meno, wauzaji wa dawa. Mtafutaji alipaswa kujua kundi kabla ya kufungua kitabu. Lakini wakazi wa Arua na Koboko hawakuugawanya ulimwengu wa tiba hivyo. Katika Kilugbara aro ni dawa na jo ni nyumba. Arojo, nyumba ya dawa, huweza kuwa hospitali ya rufaa au chumba kimoja cha mkunga. Kiswahili cha eneo hili kinafanya vivyo hivyo kwa neno hospitali, na yeyote aliyemo ndani, awe mfamasia, muuguzi au mfanyakazi aliyejifunza kuchoma sindano, huitwa daktari.

Lugha za soko nazo ni nyingi. Koboko inapakana na Kongo upande wa magharibi na Sudan Kusini upande wa kaskazini. Mtu mmoja atanunua kwa Kikakwa, ataulizia bei kwa Kiswahili au Kinubi, na atamjibu mgeni kutoka Aru kwa Kibangala. Kiswahili kilienea huku kupitia jeshi, tangu enzi ya King's African Rifles iliyoandikisha vijana wengi wa West Nile, na kupitia biashara ya mpakani. Ni lugha iliyokubaliwa kwa mdomo muda mrefu kabla ya kukubaliwa kwa karatasi. Amin aliitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Ila orodha za umma ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Hata magazeti hayakusaidia. Kampuni ya New Vision ilitoa Bukedde kwa Kiganda, Orumuri kwa lugha za magharibi, Etop kwa Kiteso na Rupiny kwa Kiluo, lakini wasomaji wa Kilugbara hawakupata lao. Pengo hilo lilijazwa na redio. Radio Pacis, iliyoanza Arua mwaka 2004 chini ya Kanisa Katoliki, inatangaza kwa Kilugbara, Kikakwa, Kimadi na Kialur pamoja na Kiingereza, na mama asiyejua kusoma huisikia akiwa jikoni.

6. Hesabu, na karatasi iliyolipa

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio takwimu. Kliniki inayobakiwa na shilingi 5,000 kwa mgonjwa wa malaria, ikilipa shilingi 500,000 kwa tangazo la mwaka, inahitaji wagonjwa 100 ambao wasingekuja bila tangazo hilo. Kigezo ni hicho cha mwisho. Jirani aliyezaliwa hatua 200 kutoka mlangoni hahesabiwi hata akisema amekiona kitabu. Kwa daktari wa meno au mwenye mashine ya kupima kwa mawimbi ya sauti, anayebakiwa labda na shilingi 50,000 kwa kila mteja, wageni 10 wanatosha. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: nani ni mgeni mjini, na anatafuta nini?

Wageni wamekuwapo kwa wingi, hasa tangu vita vya Sudan Kusini vilipozuka tena Julai 2016 na kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa Yumbe mwezi uliofuata. Koboko ina makazi ya wakimbizi wa Kongo huko Lobule. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imerahisisha safari za wagonjwa kutoka nchi zote tatu. Lakini mgeni wa namna hii hafungui saraka. Humuuliza mwendesha bodaboda. Mpangaji wa sera anayetaka kujua tangazo la afya linapita wapi Koboko na aanzie kwenye stendi za bodaboda. Mwendeshaji anajua kliniki ipi iko wazi usiku, ipi inakopesha, ipi ina mtu anayejua Kibangala.

Karatasi na maandishi hayakukosa nafasi. Kwanza kuna kibao na ukuta. Kliniki ndogo huandika jina lake kwa Kiingereza, na pembeni huchora msalaba mwekundu, alama ambayo kisheria si yao kuitumia. Kosa hilo linaeleweka: msalaba husomwa na kila mtu bila lugha. Ndani, leseni ya mwaka iliyowekwa kwenye fremu hutundikwa ili ionekane, na mgonjwa ambaye hatasoma hata neno moja hutazama kama mhuri upo.

Pili, na kwa maoni yetu hili ndilo muhimu zaidi, kuna daftari. Nchini Uganda mgonjwa wa nje mara nyingi hubeba daftari la kawaida la shule, na humo huandikwa malalamiko yake, vipimo na dawa. Daftari ni lake. Kila kliniki anayopita huacha maandishi, na wengi hupiga mhuri wenye jina na namba ya simu. Daftari hilo husafiri kutoka Koboko hadi hospitali ya rufaa ya Arua, hurudi kijijini, huonyeshwa kwa shemeji ambaye naye ana mtoto mwenye homa. Tangu kampuni za simu za mkononi zilipoenea, MTN ikiwa imeanza mwaka 1998, namba iliyo katika mhuri imekuwa namba inayopigwa kweli. Hilo ni tangazo la kuchapishwa, bei yake ni ya mhuri na wino, linamfikia mtu aliye mgonjwa au anayemuuguza mgonjwa, na halivunji kanuni ya baraza lolote. Kama lipo chapisho lililolipa katika historia ya kliniki za West Nile, ni hili.

Kufutwa kwa ada katika vituo vya serikali, Machi 2001, kulilipa daftari kazi zaidi. Wagonjwa walimiminika kwenye vituo vya umma, dawa zikaisha, nao wakatumwa kununua nje. Maelezo ya dawa yaliandikwa daftarini na mwenye duka la dawa wa karibu akayasoma. Kliniki iliyotambulika na wauguzi wa serikali ilipata wateja kwa njia hiyo, nyakati nyingine kwa haki, nyakati nyingine kwa sababu muuguzi na mwenye kliniki ni mtu mmoja. Mgongano huo wa maslahi unastahili makala yake.

Tatu, kuna orodha zisizouzwa. Bima za afya huwapa wanachama wao orodha ya kliniki zilizo na mkataba, na mashirika ya misaada huwa na orodha za vituo vya rufaa kwa wafanyakazi wake. Kuwamo humo huleta wateja wanaolipiwa, na ni mwendelezo wa yale tuliyoyaona kwa Burkitt: taasisi ikiisomea taasisi. Nafasi humo hupatikana kwa ukaguzi na mkataba. Anayetaka kutumia fedha za tangazo kwa ajili ya soko hili atafaidika zaidi akizitumia kutengeneza jokofu la chanjo na vitabu vyake vya hesabu.

7. Orodha ya umma

Saraka za simu zimefifia kila mahali. Hata Uingereza toleo la mwisho la kurasa za njano lilichapishwa mwaka 2019. Kazi moja ya saraka imebaki bila mrithi katika West Nile: kumwambia mtu asiyejua mji ni nani aliyethibitishwa. Mabaraza yanazo orodha za waliosajiliwa. Ziko kwa Kiingereza, kwa majina ya wataalamu, kwa taratibu ya alfabeti. Mfumo uleule ulioshindwa.

Orodha yenye manufaa kwa Koboko ingekuwa ukurasa mmoja, ikabandikwa kwenye makao ya kata, soko na kituo cha mpakani Oraba, na kusomwa redioni mara kwa mara. Ingepangwa kwa huduma na kwa alama za mahali, kwa Kiswahili na Kikakwa. Ya Arua kwa Kiswahili na Kilugbara. Gharama isiwe ya mwenye kliniki, kwa sababu atakayelipia mstari wake atadai herufi nene. Kliniki nazo zingeweza kuongeza safu moja tu katika rejesta ya wagonjwa wa nje: nani amekuelekeza hapa? Baada ya mwaka mmoja wilaya ingekuwa na jibu ambalo hesabu za mfano haziwezi kulitoa.

Kazi ngumu itakuwa ya istilahi. Orodha hiyo italazimika kuandika tabibu, muuguzi, mkunga, muuza dawa na daktari kama watu watano tofauti, katika mji ambamo wote wanaitwa daktari na ambamo mwenye chumba bila leseni anaitwa vilevile. Kiswahili sanifu kina maneno hayo tayari. Kikakwa na Kilugbara vitahitaji kikao cha wasemaji, wauguzi na watangazaji wa redio kabla karatasi haijaenda kwa mchapaji. Kikao hicho kifanyike Koboko.